Kitanda Alicholalia Mkwe

Buzebazeba, Kigoma
6 Februari 2023

Mama mkwe,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu huzipokei. Jana nilipiga tangu asubuhi, mwishowe akapokea jirani yako Jovita. Akaniambia, "Mwalimu anasema ukitaka kuzungumza naye tafuta karatasi." Basi karatasi hii hapa.

Jambo lenyewe ni fupi. Mwezi uliopita ulianguka chumbani ukabaki sakafuni tangu alfajiri mpaka nilipofika na mbolea ya kahawa yako. Daktari alisema nyonga imesalimika safari hii tu. Baada ya Pasaka Jovita anahamia Kasulu kwa mwanawe, na huko Kalinzi utabaki wewe, migomba na ukungu.

Nilikukaribisha kwangu, ukasema bora ulale njiani. Mjukuu wako Wema alikukaribisha Dar es Salaam, ukasema huwezi kukaa ghorofani kama njiwa. Sasa nimetafuta nyumba za kutunzia wazee, nimepata mbili. Moja iko Ujiji kando ya ziwa, ya Mama Shadia, muuguzi mstaafu. Nyingine iko Kidahwe, ya masista, na msimamizi wake ni Sista Melania. Chagua. Usipochagua, nitachagua mimi.

Marehemu mke wangu Joanitha aliniambia nikutazame. Sikuiomba kazi hii. Lakini nilikuwa mhandisi wa maji maisha yangu yote, na kazi niliyokabidhiwa huwa siiachi katikati, hata kama bomba lenyewe linauma.

Mkweo,
Elinipa Msuya


Kalinzi
14 Februari 2023

Baba Wema,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva.

Nilipokuwa nasahihisha insha za watoto, nilitafuta kwanza kile ambacho mwandishi amekiruka. Wewe umeandika kwamba nilianguka na kwamba ulifika na mbolea. Umeruka kwamba ulivuka kizingiti cha chumba changu bila kukohoa.

Nitakueleza, na nitakueleza polepole, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwepo mtu wa kukuelezea na sasa hayupo. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Tumbo lililomzaa mkeo si la kuonwa na wewe. Mkwe akikaribia nyumba hukohoa kabla ya kona, ili mama ajifunike au apite upande wa pili. Mama hali mezani kwa mkwe wala halali chini ya paa lake. Hiyo ndiyo sababu sikuja Buzebazeba, na ungeijua kama ungekuwa unasikiliza. Joanitha alikuwa akitangulia mbele, wewe ukifuata nyuma unakohoa kama mbuzi mwenye mafua, na mambo yalikwenda. Tangu afariki unaingia kwangu kama mtoza ushuru.

Siku ile ulinikuta chini, khanga imepanda juu ya magoti. Ukaniinua kwa mikono yako miwili. Sijakushukuru na sitakushukuru.

Hayo ni ya heshima. Sasa nikueleze ya chuki, ili usije ukayachanganya. Mwanangu alifia Kigoma mjini, mahali ambapo ningeweza kufika kwa gari la asubuhi. Wewe ukampakia, ukampeleka kwenu Usangi, kwenye milima ya Upare ambayo sijawahi kuiona, akalazwa katikati ya watu wasiojua hata mama yake anaitwa nani. Halafu unaniandikia mimi neno "kazi".

Kuhusu hizo nyumba. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kiko mbali kiasi gani na kitanda? Ugali ni wa muhogo au wa mahindi? Mtu akitaka kukaa kimya huachwa? Wanawake na wanaume wanatenganishwa na nini? Na waliofia humo, walifa wakiwa na nani?

Jibu yote. Usiruke.

Mwalimu Verediana


Buzebazeba
25 Februari 2023

Mama mkwe,

Shikamoo.

Naanza na kikohozi. Nilifika kibarazani kwako nikasikia mtu anasema, "Mungu wangu, nichukue." Mlango ulikuwa wazi. Niambie, Mwalimu, hapo mtu anakohoa mara ngapi? Anakohoa kisha anangoja ajibiwe na nani? Ulitaka nikuache chini?

Kuhusu kaburi. Kwetu mke huzikwa kwa mumewe, na kwenu ni hivyohivyo. Mama yako mzazi alitoka Kasulu na amelala Kalinzi, kwa baba yako. Joanitha alinionyesha kaburi lake. Bibi yako kule Kasulu naye aliachwa analia, na sijasikia kama uliwahi kumhurumia. Ulipokea posa yangu ukijua natoka wapi. Mahari iliyotoka Upare hukuirudisha.

Sasa majibu.

Kwa Mama Shadia choo ni cha kukaa, kimo ndani ya chumba. Ugali ni wa aina zote mbili. Upepo wa ziwa unaingia kila mahali na harufu ya dagaa inaingia nao. Jioni wanawake kwa wanaume hukaa ukumbi mmoja na televisheni haizimwi. Nilipouliza juu ya waliokufa, alisema atamuuliza mtu wa zamu.

Kidahwe choo ni cha kukaa, ukitoka kitandani unakigusa ukuta. Ugali ni wa muhogo, wanausaga wenyewe. Wanawake wako upande mmoja, wanaume upande mwingine, katikati kuna jiko. Nilipouliza juu ya waliokufa, Sista Melania aliwataja kwa majina, na kwa kila jina akataja aliyekuwa amemshika mkono.

Sijakwambia uende wapi. Lakini umesema mimi ni mtu wa kuruka, basi nimekuandikia mpaka jiko.

Elinipa


Kalinzi
20 Machi 2023

Baba Wema,

Nimekwenda kuziona mwenyewe, mimi na Jovita, bila kukuarifu. Mhandisi hukagua maji. Nyumba ya kufia nitaikagua mimi.

Ujiji, huyo Mama Shadia alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu Bibi! Hapa utakula migebuka mpaka uote mapezi." Nikamwambia mimi ni mtu wa milimani, mapezi yatanizuia kupanda. Alicheka sana, ni mwanamke mwema. Lakini nilipokaa kitini mzee mmoja alikuja kukaa karibu nami akaanza kunieleza habari za timu ya mpira, na hakuna aliyemwondoa. Kuhusu upepo umesema kweli.

Kidahwe nilimkuta mwanamke wa makamo yangu anachambua maharage kibarazani, jina lake Spesiosa, aliyekuja kutoka Burundi akiwa na mtoto mgongoni na hajarudi tena. Alinitazama akasema, "Wewe mwalimu."

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Umekaa kama unangoja tunyamaze."

Jovita alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nikaketi nikachambua maharage na yule mwanamke. Hakuniuliza nina watoto wangapi. Ndipo nilipochagua.

Nitakwenda Kidahwe. Lakini sikiliza, maana ninyi watu wa ripoti mkisikia "ndiyo" mnafunga faili. Sijakubali kwa sababu umenishauri. Nimekubali kwa sababu juzi nilipoamka nilishindwa kufika mlangoni na Jovita alikuwa ameanza kufunga mizigo. Shamba la kahawa nimempa Polycarp, mtoto wa kaka yangu, alihudumie, usimfundishe kazi. Nitahama mwishoni mwa Aprili, Jovita atanisindikiza. Wewe usije kunichukua. Usije kupunga mkono barabarani. Kama una hamu ya kufanya jambo, hakikisha bomba la choo halivuji, kwa kuwa nilisikia linadondosha maji usiku na mchana na nitashindwa kulala.

Mwalimu Verediana


Nyumba ya Wazee, Kidahwe
29 Aprili 2023

Kwa Mhandisi Elinipa,

Amani ya Bwana.

Ningekupigia simu, lakini mama yako mkwe amekaa hapa mbele yangu na amesema jambo hili lisitamkwe kwa sauti mbele ya watu, liandikwe. Basi naandika, na yeye anaangalia kalamu yangu.

Amefika jana mchana na rafiki yake. Alisalimia kila mtu vizuri, tukanywa chai. Tulipomfikisha chumbani akafurahi, akagusa ukuta, akafungua bomba na kulifunga, akasikiliza, akasema, "Halidondoshi." Mimi nami, kwa furaha, nikamweleza yote uliyofanya: kwamba ulikuja wiki nzima, ukapaka rangi kwa mkono wako, ukabadilisha bomba, ukaleta godoro jipya na kitanda cha mninga. Nikamwambia hata lile lililotuchekesha sisi masista, kwamba siku ya mwisho ulikilalia kitanda usiku kucha ili ujue kama kinafaa, na asubuhi tukakugongea mlango mpaka chai ikapoa, ukatoka unasema hujalala hivyo tangu mkeo afariki.

Akatoka. Tangu hapo hajaingia tena. Usiku amelala kwenye kiti cha sebuleni, amejifunga shuka mpaka kichwani. Nikimuuliza kitanda kina nini, anasema, "Muulize mhandisi." Nikimwambia nyonga yake itaumia, anasema imeshaumia.

Mimi ni mtu wa Njombe, mila za hapa bado najifunza. Nimekosea nini? Na wewe umefanya nini?

Sista Melania


Buzebazeba
30 Aprili 2023

Mama mkwe,

Shikamoo.

Nimesoma barua ya Sista mara mbili na bado sielewi.

Uliniambia nirekebishe bomba, nikarekebisha. Ukuta ulikuwa na ukungu wa masika, nikaupaka rangi. Kitanda kilichokuwepo kilikuwa cha chuma, kimepinda katikati, mtu wa nyonga mbaya asingeweza kuinuka. Nikaleta kingine. Nikakijaribu. Katika kazi yangu sijawahi kukabidhi pampu kijijini bila kuiwasha na kulala kando yake, maana kasoro hujitokeza mkiwa mmelala. Ndivyo nilivyofanya kwa kitanda chako. Kila nilichofanya nilifanya kwa ajili ya mifupa yako.

Nawe unalala kwenye kiti ili masista na wazee wote wa Kidahwe waone kwamba mkweo ni mtu mbaya. Miaka yote nimevumilia mgongo wako ukigeuka kila ninapofika. Sasa umenipa na mgongo wa kiti.

Kama unakichukia kitanda kwa kuwa nimekinunua mimi, sema. Kama unanichukia mimi tu, hilo nalijua, usijitese kunikumbusha. Lala.

Elinipa


Kidahwe
2 Mei 2023

Baba Wema,

Kiti kinaniuma, kwa hiyo usitegemee upole.

Naanza na hili: rangi ni nzuri. Bomba halivuji. Kuhusu godoro sina la kusema kwa kuwa sijaligusa, na sasa nitakueleza kwa nini.

Mlango wa chumba cha mama mkwe, kwetu, ni mpaka. Ndani ya chumba, kitanda ni mpaka wa pili. Alipolala mume wa binti, mama halali. Hata akiwa amefariki huyo mume, hata kama kitanda kimeoshwa, hata kama godoro limegeuzwa. Joto la mwili wako likikutana na langu katika shuka moja, hata kwa siku tofauti, ni kana kwamba nimelala na mume wa mwanangu. Umeona nilivyoliandika? Nimelikata mara mbili. Umri wangu wote sijapata kuliandika jambo kama hili, na wewe umenilazimisha nikuandikie wewe mwenyewe.

Bibi yangu alilala nje na mvua inanyesha kwa sababu mkwe wake mlevi alijitupa kitandani kwake. Hakuna aliyemcheka. Kijiji kizima kilikasirika na yule mlevi.

Wewe hukulewa. Hilo ndilo linalonichoma. Mlevi ningemsamehe. Wewe ulipaka rangi, ukapiga hesabu, ukapima miguu ya kitanda, ukafikiri kila kitu kinachoweza kumsumbua mzee, kisha ukalala, kwa uangalifu mkubwa, juu ya kitu kimoja tu ambacho ningeshindwa kukivuka. Na ulikuwa na mke wa Kalinzi miaka zaidi ya thelathini! Mlikuwa mnaongea nini?

Nyumba yangu nimeshaiacha. Polycarp ameshaingiza watoto wake. Sina pa kurudi. Kwa hiyo nitakaa kwenye hiki kiti mpaka nife, na Sista Melania akitaja majina ya waliofia hapa, langu litakuja na neno "kitini".

Mwalimu Verediana


Buzebazeba
3 Mei 2023

Mama mkwe,

Shikamoo.

Nimeelewa.

Umeuliza tulikuwa tunaongea nini. Tulikuwa tunaongea habari za Wema, za maji, za nani atafunga geti. Mambo yako alikuwa akiyabeba yeye, ananiambia "kohoa" nami nakohoa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani atakuwepo siku zote wa kuniambia.

Kesho asubuhi nitatuma fundi akitoe kitanda na kukuletea kingine kutoka dukani, kikiwa bado kimefungwa nailoni. Sitakigusa. Sitaingia hata getini.

Elinipa


Kidahwe
6 Mei 2023

Baba Wema,

Umechelewa. Spesiosa amekichukua.

Usiku ule ule niliokuandikia alikuja akanikuta kwenye kiti. "Mpore," akaniambia, ndivyo wanavyosema pole. Kisha akauliza, "Huyo mkwe ni mkwe wangu?" Nikasema hapana. "Basi kwangu ni mninga tu." Akachukua mto wake, akahamia chumba changu, nami nikaingia chake, kwenye kitanda cha chuma kilichopinda kama kile ulichokitoa. Asubuhi alichelewa chai. Sista alipomgongea alijibu, "Mwacheni mtu alale, hiki kitanda kimebarikiwa."

Hicho cha nailoni nimekipokea. Kinalia ninapogeuka. Nimelala.

Chumba cha Spesiosa dirisha lake linatazama jiko na njia inayotoka upande wa wanaume. Chumba chako kilikuwa kinatazama vilima. Nataka ujue umenipotezea na vilima.

Usijibu.

Mwalimu Verediana


Kidahwe, upande wa wanawake
11 Julai 2023

Wewe mwanamume,

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa dirishani kwangu, nasikia nyuma ya jiko mtu anakohoa. Mara mbili fupi, moja ndefu. Kikohozi hicho nimekisikia tangu Joanitha alipokuwa bibi harusi. Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza Spesiosa, akasema, "Ni yule mzee mpya wa upande wa pili, Mpare. Ana sanduku moja na redio."

Nikamwita Sista Melania. Anasema uliandikisha jina lako tangu Aprili! Kabla sijafika! Asubuhi ile ulipotoka kwenye kitanda changu ulikwenda ofisini kwake ukaomba chumba, ukamsihi asiniambie. Na yule mtawa wa watu akanyamaza, akidhani ni jambo la kunifurahisha siku moja.

Dunia ina nafasi kubwa. Una nyumba Buzebazeba. Una binti Dar es Salaam. Una milima yako ya Upare uliyoipenda mpaka ukaipelekea mwanangu. Kwa nini hukwenda huko ukakae naye? Yeye umemlaza mbali, mimi umenifuata. Paa la jiko limeunganishwa na upande wenu na wetu. Nimetoka kulitazama. Tunalala chini ya paa moja, mimi na mkwe wangu, na Kalinzi nzima italijua hili kabla ya Jumapili.

Eleza. Na usiandike "kazi".

Verediana


Kidahwe, upande wa wanaume
12 Julai 2023

Mama mkwe,

Shikamoo.

Paa halijaunganishwa. Kati ya jiko na upande wenu kuna mwanya, mvua inapita. Nimekwenda na ngazi kuhakikisha. Unaweza kumtuma Spesiosa apitishe fimbo.

Umeuliza kwa nini sikwenda Usangi. Nilikwenda, karibu mwezi wa tano wote. Ndugu zangu walinipokea vizuri. Walinipa kiti kizuri, wakanitengea kuku, na kila jioni wakaniuliza narudi lini. Nimeishi Kigoma tangu nilipoajiriwa kijana. Kule mimi ni mgeni anayejua lugha. Kwa Wema ni ghorofa ya nne na wote wanatoka asubuhi. Buzebazeba kuna vyumba vinne, na katika kila kimoja kuna kitu cha Joanitha ambacho sikiwezi. Usiku nilikuwa naamka kuhakikisha geti limefungwa, narudi, naamka tena. Hapa nililala. Ulisoma mwenyewe kwenye barua ya Sista. Kwa hiyo sikukufuata wewe. Nilifuata usingizi. Wewe uko njiani tu.

Na kwa kuwa umesema tena habari ya milima. Kwa miaka mitatu umenishitaki kaburi lile na hujaniuliza hata siku moja limekaaje. Nitakueleza sasa, ili ushitaki unachokijua. Kiwanja cha ukoo wetu kiko chini, karibu na kanisa, ni pakavu na jua linachoma. Kaka zangu walitaka azikwe pale. Nilikataa, tukagombana mbele ya wafiwa, mmoja wao mpaka leo hatusemezani. Nikachagua juu, mwisho wa shamba. Chini yake kuna kahawa na migomba. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni mikono yako, unaondoka saa nne. Nilisimama pale nikasema, hapa ataamka akidhani yuko kwao.

Hicho ndicho nilichofanya na mwanao. Endelea kunichukia, lakini kwa hesabu sahihi.

Elinipa


Kidahwe, upande wa wanawake
19 Julai 2023

Baba Wema,

Fimbo imepita. Paa ni mbalimbali.

Barua yako nimeisoma na nimeiweka. Ya ukungu sitayajibu. Usidhani kwamba asiyejibu amekubali. Wengine hatujibu kwa sababu tukijibu tutalia, na mimi sitalia kwa ajili ya barua yako.

Sasa, kwa kuwa umekaidi kukaa, utakaa kwa utaratibu. Soma vizuri.

Kibaraza cha jiko ni changu baada ya chai ya asubuhi, kwa sababu ya jua. Chako ni jioni. Chakula chako utapelekewa upande wenu. Usije kusimama dirishani pa jiko na sahani kama mwanafunzi wa bweni. Kanisani utakaa mbele, mimi nyuma, ili anayegeuka awe ni wewe na aibu iwe yako. Redio ipunguze. Ukiwa na neno, andika, mpe Sista. Na kila asubuhi unapokwenda kutazama pampu ya kisima, ambayo hakuna aliyekuomba uitazame, utakohoa kabla hujafika kona ya jiko. Si ukifika kwenye kona. Kabla. Ukikohoa mimi nitageukia ukutani, utapita, kisha nitageuka. Hivyo ndivyo tulivyofanya alipokuwepo, na hivyo ndivyo tutakavyofanya.

Spesiosa anacheka. Anasema hajaona watu wawili wanaochukiana kwa ratiba.

Mwalimu Verediana


Kidahwe, upande wa wanawake
4 Septemba 2023

Baba Wema,

Leo hukukohoa.

Nilidhani umechelewa. Kisha nikadhani umepita kimyakimya ili kunikomoa, nikaanza kutunga barua kichwani, nayo ilikuwa barua kali. Ndipo Sista Melania alipokuja akasema una homa tangu jana, umetapika, umemeza dawa na umelala.

Kuna uji. Ameupika Spesiosa, si mimi, kwa hiyo haujavunja kitu. Mimi nimesimama tu kando nikimwambia apunguze sukari. Unywe wote. Sista atanirudishia bakuli na nitaliangalia.

Ukipata nafuu, kohoa, hata ukiwa kitandani. Kohoa kwa nguvu, usikike mpaka jikoni. Nimegeukia ukutani tangu chai ya asubuhi, na shingo inaniuma.

Mama mkwe wako,
Verediana